Ndege ya kwanza ya rimoti kwa anayetaka sarakasi za angani: uzi wa tulio Arusha na Moshi

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Wengi wanaoingia kwenye mchezo huu huku kwetu huvutwa na video za aina moja. Extra 300 ya rimoti imesimama wima hewani, imening'inia kwa propela, mkia unakaribia kugusa nyasi. Mtu anairudia, anairudia tena, halafu anauliza: hiyo naipata wapi? Anajibiwa "anza na trena", yaani ndege ya kujifunzia, naye anaona kama anacheleweshwa. Naomba nieleze kwa kirefu, maana asiyejua sababu ya kuanza na trena hununua trena isiyomfikisha kwenye sarakasi.

Msimamo wangu ni huu: ndege ya kwanza iwe na bawa juu ya kiwiliwili, iwe ya foami, iwe na ailroni (vile vibawa vidogo vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande), na kama ina jairo (kifaa kinachoituliza ndege chenyewe) basi iwe jairo unayoweza kuizima kabisa ukiwa hewani. Nataka vyote vinne kwa pamoja.

Tuanze na ile Extra. Ndege kubwa halisi ilibuniwa na Walter Extra wa Ujerumani kwa ajili ya mashindano, na za rimoti zinafuata umbo lake: bawa limepita katikati ya kiwiliwili, limenyooka, na mgongo wa bawa na tumbo lake vimepinda sawasawa. Ndege ya namna hiyo haina upande inaoupenda. Ukiilaza nyuzi thelathini kisha ukaachia vijiti, inabaki imelala vilevile na pua inaanza kushuka. Rubani aliyeiva anafurahi, kwa sababu ndege haibishani naye. Anayeanza ana sekunde moja tu ya kufikiri, na sekunde hiyo inaisha ardhini.

Trena ina bawa juu, uzito unaning'inia chini yake, na ncha za bawa zimeinuka kidogo. Ukichanganyikiwa ukaachia vijiti, yenyewe inajirudisha. Unachonunua hapo ni muda wa kufikiri.

Lakini kuna trena za chaneli tatu zisizo na ailroni, zinazokata kona kwa usukani wa mkia peke yake. Zinaruka vizuri, nazo ni za bei nafuu. Kwa anayelenga sarakasi, mimi sizipendekezi. Ndege isiyo na ailroni haiwezi kubingiria ipasavyo, na vidole vyako vinazoea kazi ambayo baadaye itabidi uisahau. Chukua ya chaneli nne tangu mwanzo: ailroni, eleveta (ya mkiani, inayoinua na kushusha pua), usukani wa mkia na mota.

Sasa jairo, na hapa naomba tusikimbie, maana ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua wamekwama.

Trena nyingi za siku hizi zinakuja na jairo ndani ya risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti. Horizon Hobby wanaita mfumo wao SAFE, uko kwenye HobbyZone AeroScout na E-flite Apprentice, na kampuni nyingine zina mifumo inayofanana na huo. Kwenye rimoti kuna swichi yenye hatua tatu. Hatua ya kwanza ndege inakataa kulala kupita kiasi, na ukiachia kijiti inajinyoosha. Ya pili inakupa uhuru zaidi. Ya tatu inafungua kila kitu, kupinduka chali kukiwemo.

Tatizo ni kwamba kijiti cha ailroni kinazungumza lugha mbili tofauti. Kwenye hatua ya kwanza, ukikisukuma nusu unaiambia ndege "lala kiasi hiki", ikifika inasimama hapo. Bila msaada wa jairo, nusu hiyohiyo inasema "endelea kulala kwa kasi hii", na haitasimama mpaka urudishe kijiti katikati. Kisha itabaki ilivyo mpaka uinyooshe kwa upande wa pili. Sarakasi zote zimejengwa juu ya lugha hii ya pili. Mtu akiruka miezi mingi kwenye hatua ya kwanza, siku akiizima anaanza moja, na mara nyingi anaianzia na ndege mpya ya gharama kubwa mkononi.

Kwa hiyo tumia hatua ya kwanza kuokoa ndege siku za mwanzo: kuondoka, kukata kona, kutua. Ukishatua bila kushikwa mkono, panda juu, weka hatua ya tatu, ruka huko, na rudi ya kwanza ukizidiwa. Kwa kazi hiyo jairo ni msaada mkubwa sana, wala simpingi anayeitumia.

Foami sasa. Chukua ya aina inayoitwa EPO. Inavumilia, na inatengenezeka jioni ileile kwa vitu vya dukani kwetu. Pua ikikatika, futa vumbi, rudisha vipande vinavyoshikana, weka supa glu kidogo na ushikilie. Halafu choma vijiti viwili vya mishikaki kwa mshazari kupitia sehemu iliyokatika, vipake glu, kata ncha zinazochomoza, zungushia solatepu. Pale palipotengenezwa huwa pagumu kuliko pembeni yake. Angalizo: ile foami nyeupe ya kwenye maboksi ya TV ni kitu kingine, supa glu ya kawaida inaila ikabaki shimo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ndege za mbao za balsa ni nzuri mno na zinaruka kwa ulaini, lakini balsa huikuti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na anguko moja linaweza kukuweka mezani wiki nzima.

Kuna jambo jingine ambalo video za Ulaya na Marekani hazikuambii, nalo ni urefu wetu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari (nyuzi 15) kwa takriban asilimia 15 asubuhi yenye baridi, na jua likiwaka mchana inakaribia asilimia 20. Bawa linabebwa na hewa, propela nayo inasukuma hewa hiyohiyo. Matokeo yake ndege inahitaji kwenda kasi zaidi, kama asilimia 8 hadi 11, ili isipoteze mbebo, na inapanda kwa uvivu. Moshi mko chini kiasi, lakini joto lenu linafidia: mchana wa nyuzi 30 hamtofautiani sana na asubuhi yetu. Mota ya umeme haikosi pumzi kama injini ya mafuta, ila propela inabaki na hewa chache ya kushika.

Ndiyo maana kati ya ndege mbili zinazofanana, chukua nyepesi. Usiipachike kamera, taa wala betri kubwa "ili ikae hewani muda mrefu". Na unapotua, usiivute pua juu mapema kwa sababu video ilionyesha hivyo. Mwenye video yuko ufukweni, hewa yake ni nzito.

Kwa majina, mapendekezo yangu ni mawili. AeroScout ina bawa la mita 1.1, na mota yake iko nyuma ya bawa, kwa hiyo ukitua vibaya pua inachimba nyasi na propela inapona. Kwa viwanja vyetu vya mawe na vumbi, hilo ni jambo kubwa. Inatumia betri ya seli tatu ya mAh 2200, ambayo utaitumia tena kwenye ndege ya pili. Apprentice ya mita 1.5 inaonekana vizuri zaidi ukiwa mbali na haiyumbishwi ovyo na upepo, ila propela iko mbele na boksi lake ni kubwa kusafirisha. Ningekuwa naanza leo, ningechukua ya mota ya nyuma.

Kabla ya ndege, nunua rimoti na simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha. Ndege ya kwanza itachakaa tu, lakini rimoti nzuri utakaa nayo miaka. Angalia iwe na kumbukumbu ya ndege nyingi na uweze kupunguza ukali wa vijiti. RadioMaster zinatumia programu huria ya EdgeTX, na FlySky FS-i6 ni ya bei ndogo kwa asiye na bajeti. Ila hakikisha rimoti inazungumza na risiva ya ndege unayoagiza. Kwamba zote ni za gigahezi 2.4 hakutoshi kuzifanya zielewane. Rimoti hiyohiyo ichomeke kwenye kompyuta, fungua simuleta. PicaSim ni ya bure na haihitaji mashine kubwa. RealFlight inalipiwa, ni nzuri zaidi.

Kwenye simuleta fanya zoezi moja mpaka mikono ifanye bila kuuliza: ndege inakuja uelekeo wako. Hapo kushoto na kulia vinageuka, na ndipo wengi wanapoangusha. Dawa yake: angalia bawa lililo chini, sukuma kijiti upande ambao bawa hilo linaonekana, kama unaliegemeza. Litanyanyuka. Fanya hivyo kila siku kidogo kidogo.

Mahali pa kurukia. Najua macho ya wengi yako tambarare za Kisongo, kweupe hakuna mti. Wakuu, kule ndiko uliko uwanja wa ndege wa Arusha. Vindege vya watalii vinashuka na kupanda siku nzima. Hapana kabisa. Monduli kuna Chuo cha Kijeshi, usijisogeze karibu ukiwa na kitu kinachoruka. KIA na uwanja wa Moshi hali ni hiyohiyo, na Moshi ongeza helikopta zinazotoka Kilimanjaro, hizo hazina ratiba. Hifadhini usifikirie. Tafuta shamba lililovunwa au malisho mbali na hayo yote, omba ruhusa kwa mwenye eneo na serikali ya kijiji, na usiruke juu ya watu wala mifugo.

Na kabla hujaagiza chochote, nenda TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) uulize. Vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani vinasimamiwa na wao, na kuna kanuni za mwaka 2018. Uliza kabla mzigo haujafika nchini.

Ruka asubuhi. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu hewa imelala. Jua likipanda, hewa ya moto inaanza kunyanyuka. Ukiona mwewe wanazunguka bila kupiga mabawa, ujue ndege yako nayo itarushwarushwa.

Sasa swali lenyewe: trena itafanya sarakasi gani? Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kitanzi inafanya vizuri: shuka kidogo upate kasi, mota yote, vuta eleveta taratibu, ukifika juu punguza mota, malizia duara. Kubingiria inafanya kwa kulalamika. Inua pua kama nyuzi ishirini au thelathini kwanza, ailroni yote upande mmoja, na ndege inapopita chali sukuma eleveta mbele kidogo ili pua isizame. Hiyo sukuma ndogo ndiyo somo lote. Ukiwa chali, kuvuta ni kushuka na kusukuma ni kupanda. Ukilijua hilo kwa vidole, na si kwa kichwa tu, uko tayari kwa ndege ya pili.

Kuruka chali muda mrefu trena haitaki, kwa sababu bawa lake limeumbwa kubeba likiwa upande mmoja. Ikianza kukuchosha kwa hilo, na unatua bila jairo hata upepo ukiwa wa pembeni, hapo nunua ya bawa la chini au la katikati, bawa lililopinda sawasawa juu na chini, na mota yenye nguvu ya kusukuma kuzidi uzito wa ndege. Extra yako inakusubiri pale.

Karibuni maswali.

Mdau wa Njiro

Mkuu, shukrani kwa nondo. Nina laptopu ya zamani na rimoti ya FS-i6 niliyopewa. Niagize ndege sasa, au nikae na simuleta kwanza?

Mleta uzi

Kaa na simuleta mkuu, huku ukifuatilia TCAA. Pima hivi: uweze kuondoka, kuzunguka uwanja pande zote mbili, na kutua karibu na ulipokusudia, mfululizo, bila kuanguka. Ukifika hapo agiza. Ila kwa kuwa una FS-i6, usichukue toleo linalokuja na risiva ya Spektrum (chapa ya hao Horizon Hobby) ukidhani vitaongea. Tafuta trena inayouzwa bila risiva, uweke ya FlySky. Utakosa SAFE, lakini kuna vijairo vidogo vinavyouzwa peke yake, unavichomeka kati ya risiva na savo (vile vimota vidogo vinavyosukuma ailroni na mkia).

Mdau wa Moshi

Mangi, kwa heshima nakupinga kwenye balsa. Anayejenga ndege kwa mkono wake anaielewa: anajua kitovu cha uzito ni nini, anajua kwa nini savo ikilegea ailroni inatetemeka. Huyu wa kununua boksi ataruka bila kujua anarusha nini.

Mleta uzi

Mangi, hoja yako ina uzito, na kwenye kitovu cha uzito nakuunga mkono moja kwa moja. Kila ndege, hata ya boksi, kabla ya kuruka iweke kwenye ncha za vidole viwili pale mwongozo unapoelekeza, kwa kawaida robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikiwa nzito puani kidogo utairusha kwa shida. Ikiwa nzito mkiani inaweza kukushinda sekunde ya kwanza.

Tunapotofautiana ni mfuatano. Anayejifunza ataangusha, na kinachoamua kama ataendelea ni muda kati ya kuanguka na kuruka tena. Kwa anayetaka kujenga, ipo njia ya kati: ubao wa foami wenye karatasi pande mbili, ule wa mabango. Flite Test wa Marekani wanatoa michoro bure, unachapisha, unakata kwa wembe, unaunganisha kwa glu ya moto. Ukiangusha, unakata bawa jingine. Ila ubao mzito utakupa ndege nzito, na huku juu uzito tunaulipia, kwa hiyo pima mbao za maduka mbalimbali kabla ya kununua.

Dada wa Usa River

Kaka, mwanangu ana miaka 12 na amesoma uzi wote huu akiwa ameegemea bega langu. Ninachoogopa ni hizo betri. Nimesikia zinawaka.

Mleta uzi

Dada, uko sahihi kuogopa, na hofu hiyo iwe ya nyumba nzima. Betri ya LiPo (lithiamu polima), ndiyo ya ndege hizi, ikichajiwa vibaya au ikitobolewa inaweza kuwaka moto mkali. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, isipite hapo. Ikiruka, itue kabla haijashuka chini ya 3.5 kwa seli. Ikikaa siku kadhaa bila kazi, iachwe kwenye 3.8. Chaja iwe ile inayosawazisha seli moja moja. Chajini kwenye sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, mtu mzima akiwepo, na isiachwe ikichaji usiku. Ikivimba, imekwisha, asiitumie hata mara moja zaidi.

Kwa umri wake anafaa kabisa. Msimamie pembeni akirusha, kazi yako iwe kuangalia anga na watu wanaokatiza, maana yeye macho yake yatakuwa kwenye ndege tu.

Mdau wa Njiro

Nyongeza kidogo: shemeji anatoka Dubai mwezi ujao. Betri anaweza kubeba?

Mleta uzi

Za ziada azibebe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye begi la kukabidhi. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 kwa betri moja, na ile ya seli tatu ya mAh 2200 ni kama 24 tu. Afunge ncha za waya kwa solatepu, kila moja kwenye mfuko wake, na aulize shirika lake la ndege idadi wanayoruhusu. Kwa mizigo ya mawakala ni shida zaidi. Wengi wanazikataa kwenye ndege, inabidi zije kwa meli.

Mdau wa Moshi

Mangi, la mwisho. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, si tuongeze tu ukubwa wa propela?

Mleta uzi

Inawezekana, lakini kwa kipimo. Propela iliyozidi inchi moja kwa kipenyo hurudisha msukumo kiasi, ila inaivutia mota umeme mwingi, na kinachoungua kwanza mara nyingi ni kile kidhibiti mwendo cha mota. Chomeka mita ya wati kati ya betri na ndege, mtu mwingine aishike ndege imara kwa nyuma ya propela, washa mota yote sekunde chache, soma ampea. Ziwe chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kidhibiti na zibaki kidogo. Zikizidi, rudisha propela ya mwanzo na upunguze uzito kwingine. Na kwa ndege yenye mota nyuma ya bawa, hakikisha kwanza propela mpya haigusi kiwiliwili ikizungushwa kwa mkono.